Taa ya Kumwonyesha Magokoro

Jumapili iliyopita mpwa wangu alikuja kunitazama, kwa sababu mimi siendi kumtazama mtu. Mimi ni mtu wa nyumbani. Kuku wangu hutembea zaidi kuliko mimi, na nadhani ndio wanaojua kijiji kina habari gani. Nilikuwa nimejilaza kwenye kochi na kikombe cha chai kifuani. Simu ya kijana ilikuwa imeisha chaji, mikono ikamwasha, akaokota kioo changu kidogo cha mviringo pale dirishani, akakaa mlangoni na kuanza kurusha jua ukutani. Duara la mwanga likapanda kwenye kalenda, likavuka picha ya harusi ya mama yake, likashuka na kunikalia usoni.

"Weka chini," nikamwambia.

"Anti, nacheza tu."

"Nimesema weka chini."

Akaweka. Akaniangalia kama mtu aliyegundua kwamba kochi linaweza kuuma. Chai ilikuwa imenimwagikia, nami sikusikia moto wake mpaka baadaye.

Kioo chenyewe si cha maana. Nyinyi wa rika langu mnakijua: kioo cha duara chenye fremu ya bati na waya wa kukisimamisha mezani, na mgongoni kina picha ya maua mekundu ambayo hayamei popote duniani. Kilikuwa cha baba yangu, cha kunyolea ndevu. Likizo moja kiligeuzwa kuwa taa ya sinema, na aliyekishika ni mimi.

Baba alikufa shule zikifungwa mwezi wa Agosti. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa kucheka. Sisemi hivyo kwa sababu wafu husifiwa. Ilikuwa kero. Alicheka akisahihisha mitihani, alicheka mvua ikimnyeshea, alicheka hata kwenye matanga ya watu mpaka Mama akawa anamkanyaga mguu. Meno yake ya mbele yalikuwa na mwanya mpana, na mdomo ulikuwa haufungiki vizuri, kama mlango wa nyumba yenye wageni wengi. Mimi nilirithi ule mwanya. Kicheko kilibaki kwake.

Hakuugua sana. Alikwenda hospitali kwa miguu yake, akarudi kwa gari. Nyumba ikajaa watu, na watu wakaanza kunitazama. Shangazi zangu walinitazama kama sufuria ya maziwa jikoni, wakingoja nichemke. Sikuchemka. Nilipewa ugali nikala. Nilipewa kazi ya kuosha vikombe nikaosha, vingi sana, na niliona fahari kwamba sikuvunja hata kimoja. Niliguswa kichwa na mikono ya watu mia, na ilikuwa kama wanagusa kichwa cha mtoto mwingine aliyesimama karibu yangu. Nilisema moyoni, huenda kulia ni kitu kinachofundishwa darasa la sita, na mimi niko la tano.

Wakati huo ndipo kuchukua video ya mazishi kulikuwa kumeingia kwetu. Zamani watu waliuliza ni fahali wangapi walichinjwa, sasa wakauliza kama kulikuwa na video. Wa kwetu alikuwa mpiga video kutoka upande wa Suneka, kijana mwenye koti refu, kamera begani kama amebeba mwanambuzi. Mimi kamera niliyoijua ni ya mpiga picha wa shule, aliyetupanga mistari mitatu na kusema, "Cheka kidogo." Basi jeneza lilipofunguliwa, familia ikaitwa kumtazama baba, nikasogezwa mbele nikasimama pale kichwani pake. Kamera ikamtazama baba. Halafu ikanyanyuka, jicho lake jeusi likanigeukia mimi. Na mimi, mtoto niliyefunzwa adabu, nikacheka. Meno yote, mwanya wote.

Hakuna aliyeniona. Wote walikuwa wanamtazama yeye. Kamera peke yake ndiyo iliyoniona, ikapita.

Mtu mmoja hakuwapo siku hiyo: Magokoro, bibi yangu, mama mzazi wa baba. Wiki kadhaa kabla alikuwa ameteleza kwenye mteremko wa migomba akavunjika paja, akalazwa mjini Kisii. Wakubwa wakakubaliana asiambiwe mpaka apate nguvu. Alipopata nguvu, walimleta kwa pikapu, na njiani ndipo wakamwambia, kwa zamu, kila mmoja akitarajia mwenzake amalizie. Alishuka kwa mkongojo, akapelekwa kando ya nyumba, akaonyeshwa kaburi lenye maua ya karatasi yaliyokwisha chujuka kwa mvua.

"Huu ni udongo," akasema.

"Ndiyo, Mama," akajibu mama yangu. "Ombati yuko hapo."

"Udongo nimeonyeshwa. Ombati sijaonyeshwa."

Walimweleza. Wakaleta mchungaji, naye akamweleza. Akamsikiliza mchungaji mpaka mwisho, akamshukuru, akamuuliza kama alipokuwa njiani hakukutana na Ombati. Si kwamba akili ilikuwa imetoka. Aliweza kukuambia ng'ombe gani wa nani alizaa mwaka gani. Ila tu kwetu mtu huzikwa ukimwona. Unapita, unamtazama, mguu unalegea, unashikwa, unaondolewa, basi, umezika. Yeye hakupita. Kiti cha baba hakikuruhusiwa kukaliwa. Kila jioni aliagiza ugali wa wimbi na chinsaga, mboga chungu za kwetu, viwekwe kando kwenye ekee, kile kikapu kidogo chenye mfuniko, na kila asubuhi mimi ndiye niliyewapelekea kuku ugali wa baba. Na alikataa kunyolewa. Wengi kwetu walikuwa wameshaiacha desturi ya kunyoa nywele za msiba, lakini yeye hakuwa ameiacha. Aliwahi kunyolewa kwa mumewe na kwa watoto wawili waliokufa wadogo. Kwa Ombati akasema, "Nitanyolewaje kwa mtu aliyesafiri?" Na mpaka anyolewe, vitu vya marehemu haviguswi. Ndiyo maana kile kioo kilikuwa bado dirishani siku niliyokitia mfukoni.

Mama alikonda. Nyumba yenye mjane mmoja ilikuwa na mtu mmoja aliyekufa, na mtu huyo huyo aliyesafiri, wote wawili wanahitaji kupikiwa.

Baba mdogo, Mogaka, ndugu wa baba aliyemfuata, ndiye aliyesema, "Si kuna video? Tumwonyeshe." Wakambeba mpaka kwa jirani mwenye runinga. Hata mchungaji wa kwenye kaseti hajamaliza sala ya kufungua, Magokoro akasema zimeni.

"Naona majivu yanatembea," akasema.

Ilikuwa kweli. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu mweupe, na daktari alikuwa amesema mguu upone kwanza ndipo waje kwa macho. Aliweza kumwona ng'ombe kwenye kilima cha ng'ambo akataja ni wa nani, lakini kijiko kilichokuwa mkononi mwake alikitafuta kwa kupapasa.

"Kubwa naona," akasema. "Nileteeni kubwa."

Sasa Mogaka alikuwa fundi wa redio pale Keroka, kwenye kichumba cha nyuma ya duka la mzee mmoja wa Kihindi tuliyemwita Bhai. Na Mogaka, ukimwambia nileteeni kubwa, umempa ugonjwa. Bhai alikuwa na runinga ndogo sana ya mkononi, ya kioo bapa, iliyoletwa na jamaa yake kutoka ng'ambo, ikaungua taa yake ya ndani. Ukiitazama mezani ilikuwa kibao cheusi cha plastiki. Lakini ukifungua kifuniko cha nyuma na kuishika mbele ya mwanga, unaona picha imo, inacheza, watu wadogo kama kunguni wanakwenda na kurudi.

"Unaona, Waziri?" Mogaka akaniambia. Aliniita Waziri wa Mambo ya Ndani, kwa sababu sikutoka ndani. "Picha haijakufa. Ni taa tu imekufa. Tukiweka taa yetu huku nyuma, na lenzi hapa mbele, picha inaruka mpaka ukutani. Kubwa kama ng'ombe."

"Taa gani?"

"Hiyo sasa ndiyo mtihani."

Alinichukua kwenda Keroka kila asubuhi ya likizo hiyo. Nadhani Mama alimwomba anitoe nyumbani nikachangamke. Nilikwenda kama mfuko wa viazi unavyokwenda. Lenzi ilikuwa ya Magokoro mwenyewe, ile ya kusomea Biblia, ambayo haikumsaidia tena. Mogaka akakata katoni ya sabuni, akapachika lenzi upande mmoja, ile runinga ndogo katikati, nyuma akaacha tundu la taa. Picha ya kwanza kutokea ukutani ilikuwa juu chini, waombolezaji wananing'inia darini kama popo. Ikabidi runinga ilazwe kichwa chini ili watu wasimame.

Alianza na koroboi. Ilitoa moshi, na ukutani kukawa na kitu cha rangi ya chungwa kinachotetemeka. Ungeambiwa ni mazishi au ni harusi ungekubali. Akajaribu tochi ya mawe matatu. Katikati kukawa na jicho la manjano, pembeni giza, na ili uone sura ya mtu ilibidi ungoje apite kwenye lile jicho. Kisha akaleta karabai, ile taa ya kupampu. Loo! Ukuta ukawaka. Magari ya mazishi yakaonekana mpaka namba. Mogaka akapiga kofi moja la furaha, na kabla hajapiga la pili, doa jeusi likaota katikati ya picha, likakua, likameza magari, likameza njia, likameza kila kitu.

"Imekufa," nikasema.

"Haijakufa. Imezirai. Joto."

Akaizima karabai, akakipepea kioo kwa kipande cha katoni, na polepole lile doa likarudi nyuma, magari yakatoka kwenye giza moja moja. Niliitazama hiyo kwa muda mrefu. Ilikuwa mara ya kwanza mwezi huo kitu kuniingia kichwani. Kumbe kitu kinaweza kuwa cheusi kabisa, na bado hakijafa.

Balbu kubwa ya stima ilifanya vivyo hivyo, tena upesi zaidi. Taa ya mbele ya gari iliyofungwa kwenye betri ikayeyusha gundi, na katoni ikaanza kunuka. Bhai akachungulia.

"Mogaka, wewe nataka onyesha mama yako mazishi, ama nataka choma duka yangu tufanye ingine?"

"Bhai, ngoja kidogo tu. Nikipata taa yenye haina joto..."

"Taa haina joto iko kwa mbingu," Bhai akasema, akarudi kwa wateja wake.

Nikaachwa nimeshika runinga wakati Mogaka anatafuta gundi nyingine. Waya wake ulikuwa umefungwa kwenye deki ya video ya Bhai, na ulikuwa na urefu wa kufika mlango wa nyuma tu. Nilikaa kizingitini nikainua ile runinga mbele ya anga. Kaseti ilikuwa inaendelea. Mogaka siku zote alijaribia kipande cha mwanzo, cha magari, lakini safari hii hakuna aliyeisimamisha. Ikafika kwenye jeneza. Mchungaji akasema familia ije, akina mama wa kwaya wakaanza kuimba kwa kufumba midomo, uso wa baba ukatokea, mdogo kama ukucha. Nikaanza kuhesabu, sijui kwa nini. Nilihesabu tisa. Kwenye tisa kamera ikanyanyuka, na pale nikajiona.

Nilikuwa kama punje ya wimbi. Lakini meno yangu yalionekana.

Nikaitoa runinga kwenye anga, picha ikatoweka. Nikairudisha, ikawa imepita. Moyo haukunidunda. Nilifikiri tu kwa utulivu, kama mtu anayefanya hesabu ya kutoa: kwa sasa mimi ni punje. Mogaka akipata taa nzuri, nitakuwa kama ng'ombe. Mama ataona. Shangazi zangu waliongoja nichemke wataona. Watajua kwa nini sikulia. Watasema mtoto huyu alifurahi.

Basi niliamua taa nzuri isipatikane. Na ungefikiri mtu aliyeamua hivyo angekaa na mikono yake mfukoni. Nilitia mkono mfukoni, ndiyo, nikakuta kioo cha baba, nikakitoa nikaanza kukichezea kama yule mpwa wangu juzi, nikirusha jua ndani ya kile kichumba cha giza. Duara likatua ukutani, jeupe, tulivu, halina moshi, halitetemeki.

Mogaka akasimama na gundi mkononi. Akalitazama lile duara. Akanitazama mimi.

"Waziri," akasema taratibu. "Wewe ni mtu hatari sana."

Ndivyo nilivyojichongea mwenyewe.

Jua lilishinda taa zote. Kioo kilikuwa bapa, hakikusanyi moto, na jua la asubuhi kwetu bado ni la baridi. Kasoro yake ni mbili. Baada ya saa sita mvua hunyesha, kwa hiyo sinema yetu ingekuwa ya asubuhi kama ibada. Na jua hutembea, kwa hiyo mtu lazima akae nje ameshika kioo, akikigeuza kidogo kidogo ili mwanga usitoke kwenye tundu. Mogaka alikuwa aendeshe deki. Wengine wote walikuwa watazamaji.

"Waziri atashika," akasema Mogaka. "Taa ni yake."

Sikukataa. Nilishaona njia. Anayeshika taa ndiye anayejua kuizima. Sauti ningeisikia nje: mchungaji aite familia, kwaya ianze, nihesabu tisa za baba, nigeuze mkono kidogo tu, nipite mimi gizani, kisha nirudishe. Magokoro atakuwa amemwona Ombati, na hakuna atakayekuwa ameniona mimi.

Siku yenyewe deki na jenereta vilikodiwa kutoka kwenye nyumba ya video kule Keroka. Madirisha ya sebule yakazibwa kwa blanketi, nyufa zikazibwa kwa majani makavu ya mgomba. Shuka jeupe likatundikwa ukutani. Magokoro akaketishwa karibu nalo kabisa, mguu umenyooshwa juu ya mto, karibu na kile kiti kitupu. Mama, shangazi wawili, Mogaka. Mlango ukafungwa. Mimi nikabaki nje kwenye kigoda, mbele ya dirisha la mbao lililotobolewa tundu la ukubwa wa kiganja, katoni ya Mogaka ikiwa nyuma yake kwa ndani, mgongo kwa kaburi, uso kwa nyumba, kioo mikononi.

"Leta!" Mogaka akaita.

Nikaliingiza jua ndani.

Nikasikia wote wakivuta pumzi.

"Mama, unaona?"

"Naona magari," akasema Magokoro. "Lile ni la mkwe wa Nyaboke. Bado limebonyea ubavu." Nikajua kazi imekuwa.

Jenereta ilinguruma nyuma ya jiko. Kuku walikuja kunitazama. Mikono ilianza kuuma, kisha ikaacha kuuma ikawa haipo. Hotuba zilikuwa ndefu, hata mara ya pili. Kisha mchungaji akasema familia sasa ije. Kwaya ikaanza kuimba midomo imefumbwa. Moja. Mbili.

"Huyu nani?" akauliza Magokoro.

"Ndiye huyo, Mama," akasema mama yangu. "Ni Ombati."

Nne. Tano.

"Huyu amefunga mdomo. Ombati hafungi mdomo. Hebu ngojeni..."

Saba. Nane. Tisa. Nikageuza mkono.

"Aa! Giza! Waziri, taa!"

"Ni wingu!" nikapiga kelele. Juu yangu anga ilikuwa safi kama sahani iliyooshwa.

"Nilikuwa karibu kumwona," akasema Magokoro mle ndani. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu aliyechelewa mahali, naye anajua amechelewa. "Nilikuwa karibu."

"Haina shida, Mama," akasema Mogaka. "Hii kitu inarudi nyuma. Na safari hii naisimamisha pale pale, umwangalie mpaka utosheke. Waziri! Wingu imeenda?"

Nililitazama lile tundu. Ningeweza kusema halijaenda. Angetoka nje kuangalia, angeona anga, lakini si hilo lililonizuia. Ni lile neno, karibu. Sijui kueleza zaidi ya hapo. Nililisikia, nikarudisha jua.

"Limeenda," nikasema.

Kaseti ikarudi, ikanung'unika, ikaanza tena. Mchungaji. Familia. Kwaya. Moja, mbili, tatu. Ile deki ilikuwa nzito ya kusikia: ukiibonyeza isimame, ilifikiri kwanza. Nilisikia Mogaka akibonyeza kwenye sita. Saba. Nane. Tisa. Kwaya ikakatika katikati ya pumzi.

Nikajua imesimama wapi.

Nilikaa. Ungedhani ningetupa kioo nikimbilie migombani, na hata mimi nilidhani hivyo. Lakini mikono haikuwa yangu tena, ilikuwa ya lile jua. Mle ndani nilikuwa shuka zima. Nilisubiri Mama aseme jina langu.

Aliyesema ni Magokoro.

"Eee!" akapiga kelele, na ilikuwa kelele ya furaha, sijapata kuisikia tena. "Huyo hapo! Si huyo anacheka? Mwanya ule! Niliwaambia nini mimi? Niliwaambia nini? Yule aliyelala mnamjua nyinyi. Ombati huyo, amesimama, anacheka!"

Alicheka peke yake, kicheko cha mwanawe hasa, kumbe baba alikitoa kwake. Jenereta ikaendelea kunguruma.

"Mama," akasema mama yangu. "Mama, huyo ni Kerubo."

"Kerubo yupi?"

"Kerubo wetu. Mtoto wa Ombati."

Nililigeuza jua kidogo, maana lilikuwa limeanza kutoka kwenye tundu.

"Na yule aliyelala?"

"Ndiye."

"Aliyefunga mdomo."

"Ndiye, Mama."

"Zimeni," akasema Magokoro.

Halafu ikaja sauti. Sitaieleza. Walioisikia kwa mama zao wanaijua. Shangazi zangu wakaipokea, Mama akaipokea, na jirani akatoka shambani mbio na jembe mkononi, akanipita pale kwenye kigoda bila kuniona.

Mimi nilielewa kama mtoto anavyoelewa. Nilielewa kwamba wanalia kwa ajili ya aibu niliyowafanyia, na kwamba nyumba nzima imeniona nikicheka kichwani pa baba, na nisubiri niitwe. Sikuitwa. Jenereta ikazimwa. Hakuna aliyekumbuka kuniambia sinema imekwisha, basi sikuacha kuwasha. Niliendelea kulifuata jua, kidogo kidogo, likiingia kwenye lile tundu na kumulika shuka ambalo halikuwa na kitu, mpaka mawingu ya kweli yakaja yakanipokonya kazi. Tone la kwanza la mvua lilidondoka kwenye kioo. Ndipo nikaingia ndani, nikakuta Mama amelala kifudifudi mapajani mwa Magokoro, na Mogaka amekaa kwenye kiti cha baba. Hakuna aliyenigombeza. Nilingoja siku nyingi kugombezwa, na nilipofika kidato cha pili ndipo nikaacha kungoja.

Asubuhi yake Magokoro aliitisha wembe. Akaketi uani juani, kanga mabegani, Mama akamlowesha kichwa kwa maji ya sabuni na kuanza kunyoa. Nywele nyeupe zikaanguka kama manyoya ya kuku aliyenyonyolewa. Akaniita nilete kioo, nikakishika mbele yake kama nilivyokizoea. Alikitazama kidogo na yale macho yake ya maziwa, akakisukuma pembeni kwa kidole.

"Humo sioni kitu," akasema. "Njoo wewe. Kubwa naona."

Akanishika kidevu akanivuta mpaka pua zetu zikakaribia kugusana. Alinuka sabuni na moshi wa kuni. Nusu ya kichwa ilikuwa imenyolewa, nusu bado.

"Cheka kidogo," akaniambia.

Nikafungua mdomo nikaonyesha meno.

"Meno nimeyaona jana. Nimesema cheka."

Nilijaribu. Naapa nilijaribu, mimi niliyecheka pale ambapo hapakuwa na haja. Mashavu yalipanda, yakabaki huko juu hayana la kufanya. Hakuniachia kidevu, wala hakukasirika. Alingoja, nami nikangoja pamoja naye, uso kwa uso, mpaka Mama akasema nywele zimekwisha.